Meli Iliyopita Dodoma kwa Gari Moshi

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze habari za meli. Najua wengi mnaonisikiliza mko Dodoma mjini, Bahi, Manyoni, Itigi, Kongwa na Mpwapwa, huku kwetu ambako maji huja kwa hesabu, na ziwa letu ni lile la Sulunga kule Bahi, linalojaa mvua zikikubali na kukauka zikigoma. Utauliza meli inatuhusu nini sisi. Meli ninayoizungumzia inatuhusu, kwa sababu kabla haijagusa maji ya Ziwa Tanganyika ilipita hapa. Ilipita ikiwa vipande vipande, ndani ya masanduku, juu ya mabehewa ya reli ile ile ya kati inayoukata mji wetu mpaka leo.

Ni MV Liemba. Meli hiyo imezidi miaka mia moja, na katika miaka hiyo imeshazamishwa, ikaibuliwa, ikabadilishwa jina, ikang'olewa mitambo ya mvuke na kuwekewa ya dizeli, ikabeba askari, mahindi, dagaa, mabibi harusi, maiti na wakimbizi. Sasa iko Kigoma ikisubiri kurudi kazini. Mwishoni mwa mwaka 2023 serikali ilitia saini mkataba wa kuikarabati na kampuni ya Brodosplit ya Kroatia, ikishirikiana na kampuni ya hapa nchini. Nina la kusema kuhusu ukarabati huo, lakini kwanza nikupe historia, maana ukarabati wa chombo cha zamani haueleweki mpaka ujue chombo kimepitia mikono ya nani.

Ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Mji huo wenyewe hauko baharini, uko bara, kwenye mto Ems. Mafundi waliiunganisha meli nzima kwa bolti tu, urefu wake mita 71 na ushei, wakaikagua, wakaridhika, kisha wakaifungua tena bamba kwa bamba. Kila kipande kikapewa namba. Vipande vikaingia kwenye masanduku yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa meli nyingine kutoka Hamburg mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo ilikuwa zamu ya gari moshi.

Fikiria reli hiyo ilikuwa changa kiasi gani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914. Ni kilomita zipatazo 1,250 kutoka pwani mpaka ziwani. Kabla yake mzigo wote wa njia hiyo ulikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji, na kila msafara uliovuka Ugogo ulilipa hongo kwa watemi wa hapa ili upewe njia na maji. Sifa ya Ugogo kwa wasafiri wa zamani ilikuwa hiyo: jua, kiu na hongo. Masanduku ya meli hayakulipa hongo kwa mtu. Yalipita Dodoma, yakashuka Bahi na Kintinku, yakapanda ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Saranda, yakafika Manyoni na Itigi, yakaendelea magharibi. Kila ninapoliona gari moshi la mizigo likikokota mlima wa Saranda, nayakumbuka masanduku yale.

Pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa kiwanda, wakiongozwa na Anton Rüter. Watu watatu hawaundi meli. Waliounda ni mafundi wa Kihindi na vibarua wengi Waafrika ambao majina yao hayasomeki katika vitabu tunavyovijua. Na hapa niruhusu nikae kidogo, nikueleze kazi yao, maana ndiyo inayoishikilia meli hiyo mpaka leo.

Enzi hizo mabamba ya meli hayakuchomelewa, yalifungwa kwa ribiti. Ribiti ni kama msumari mnene wa chuma wenye kichwa upande mmoja. Kijana mmoja anakaa kwenye tanuri dogo la mkaa, anavukuta moto mpaka ribiti iwe nyekundu kabisa. Anaichomoa kwa koleo, anamrushia mwenzake. Mwenzake anaidaka kwenye chombo, anaishika kwa koleo lake, anaitumbukiza kwenye tundu lililopita mabamba mawili. Wa tatu anaegemeza chuma kizito upande wa kichwa ili isirudi nyuma. Wa nne, upande wa pili, anaipiga nyundo haraka haraka mpaka ncha ifumuke na kuwa kichwa cha pili. Ikipoa inanywea, na inaponywea inayavuta mabamba yale mawili yashikane hata maji yasipate pa kupenya. Kazi hiyo haitaki mtu mzembe hata mmoja kati ya wanne. Ribiti ikichelewa kupigwa inakuwa imeshapoa, haivuti kitu, na hapo ndipo meli itakapovuja. Sasa zidisha hiyo mara maelfu kwa maelfu, kwenye joto la Kigoma, tena vita ikiwa imeshaanza.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilizuka Agosti 1914, meli ikiwa bado mifupa. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaanza kazi mwezi Juni mwaka huo. Wajerumani walikuwa wameipa jina la Graf von Götzen. Watanzania tunapaswa kulijua jina hilo. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni hili kuanzia 1901 hadi 1906, na ni chini yake vita ya Maji Maji ilipozimwa kwa kuchoma mashamba na maghala, watu wa kusini wakafa kwa njaa kwa makumi ya maelfu. Huyo ndiye aliyepewa heshima ya kuandikwa ubavuni mwa meli.

Meli ikafungwa mzinga mkubwa, na mzinga wenyewe una safari yake. Ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamizwa na Waingereza katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake, wakaigawa sehemu mbalimbali, na mmoja ukapandishwa reli mpaka Kigoma. Nao ulipita Dodoma. Kwa upande wao Waingereza walileta ziwani boti mbili ndogo za injini, za mwendo kasi, zilizoitwa Mimi na Toutou. Walizitoa Uingereza mpaka Cape Town, wakazipakia reli kwenda Katanga, kisha wakazivuta msituni na milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Boti hizo ndogo ziliiteka boti ya Kijerumani Kingani siku moja baada ya Krismasi ya 1915, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Graf von Götzen hazikuthubutu kuigusa.

Kilichoiua ni nchi kavu. Katikati ya 1916 Wabelgiji walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, na Waingereza wanateremka kutoka Kondoa Irangi kuja kuikata reli ya kati. Naomba uzishike tarehe mbili. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Tarehe 29 Julai, siku tatu baadaye, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer liliingia Dodoma. Kilichotokea ziwani na kilichotokea hapa mjini ni tukio moja, reli moja ikivunjika kiuno.

Vitabu vingi vya Ulaya vinavyosimulia meli hii vinaishia kwenye ushujaa wa boti mbili na kuzama kwa meli moja. Sisi wa huku hatuwezi kuishia hapo. Vita ile iliyoleta mzinga na kuupitisha mbele ya stesheni yetu ilichukua pia ng'ombe wa Ugogo, mtama wa Ugogo na vijana wa Ugogo waliokwenda kubeba mizigo ya majeshi, kwanza ya Wajerumani, kisha ya Waingereza. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba ghalani wala mikono shambani. Ikaja njaa ya Mtunya. Wazee wa Kigogo bado wanahesabu miaka kwa njaa hiyo. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 wa eneo hili, 30,000 walikufa. Mtu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo mtu akikuambia historia ya Liemba ni mambo ya watu wa Kigoma na Wajerumani, mwambie aulize Mvumi, aulize Bahi, aulize Kilimatinde.

Turudi kwenye chombo. Rüter na wenzake, walipoamriwa kuizamisha, walifanya jambo ambalo mimi naliheshimu sana. Walipaka mitambo yote grisi nzito, kila bomba, kila ekseli, kila kiungo, wakajaza mchanga tumboni mwa meli, wakaishusha taratibu. Fundi aliyeijenga hakukubali iharibike. Alitegemea kwamba siku moja mtu atakuja kuiibua.

Waliijaribu kwanza Wabelgiji. Waliinyanyua, wakaikokota mpaka Kigoma, ikazama tena. Waingereza, waliokuwa sasa wanatawala Tanganyika, waliiibua tarehe 16 Machi 1924. Ilikuwa imepita karibu miaka minane tangu izamishwe na Wajerumani. Walipoifungua mitambo, wakafuta ile grisi, walikuta injini na maboila bado ni vyombo vya kufanyia kazi. Ziwa Tanganyika lina maji baridi yasiyo na chumvi ya bahari, na hilo lilisaidia, lakini bila grisi isingekuwa kitu. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi majini kikazi, ikiwa na jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa hilo ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini na kuliandika. Jina la gavana likafutwa. Hilo nalo lilikuwa ukarabati.

Tangu hapo imefanya kazi ambayo hakuna meli ya maonyesho iliyowahi kuifanya. Njia yake ilikuwa Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia, ikipita Ikola, Karema, Kipili na Kasanga na vijiji vingine vingi katikati. Vijiji vingi havikuwa na gati. Meli inafika usiku wa manane, inapiga honi, inasimama mbali na ufuko na taa zake zimewaka. Gizani zinatokea mashua na mitumbwi, kila moja ikigombea kufika kwanza ubavuni mwa meli. Mlango wa pembeni unafunguliwa. Mama anapanda na mtoto mgongoni na kuku mkononi. Magunia ya mahindi yanashuka, vifurushi vya dagaa na migebuka vinapanda, mtu anapiga kelele kwamba kitanda chake kimesahaulika, kijana anashushwa kwa kushikwa makwapa mpaka mguu uguse mtumbwi. Nusu saa, au saa nzima, kisha honi inalia tena. Kwa kijiji kisicho na barabara hiyo ndiyo ilikuwa stendi ya basi, soko, posta na njia ya kwenda hospitali. Dagaa wa Kigoma unaowanunua sokoni Majengo, hapa Dodoma, wengi wao waliwahi kuanza safari kwenye mlango ule wa pembeni.

Ikabeba na wenye shida. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, ilirudisha kwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Kongo. Mei 2015 Warundi walipoikimbia nchi yao na kurundikana Kagunga, ufuko mwembamba uliobanwa na mlima, ni Liemba iliyokwenda kuwachukua, watu kama 600 kwa safari, ikiwafikisha Kigoma walikoweza kupata dawa na maji safi. Ilikuwa na umri wa miaka 100 wakati huo.

Ukarabati mkubwa imefanyiwa mara kadhaa. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikawekewa injini za dizeli. Mwaka 1993 Wadenmark walisaidia kuifanyia matengenezo mengine makubwa. Wapenzi wa vyombo vya mvuke duniani walisikitika kwa ile dizeli, na nawaelewa, kwa sababu mitambo ile iliyookolewa na grisi ilikuwa urithi kwelikweli. Lakini kuni na makaa havikuwa vinaendesha tena meli za abiria, na wananchi wa Karema hawakuwa na nafasi ya kusubiri chombo kizuri kisichotembea.

Hapo ndipo lilipo suala lenyewe, msikilizaji. Chombo cha zamani kina njia mbili za kuhifadhiwa. Iko ile ya Cutty Sark, jahazi maarufu la Uingereza lililojengwa 1869, lililokuwa likishindana na majahazi mengine kuwahisha chai kutoka China. Leo limenyanyuliwa juu nchi kavu pale Greenwich, limezungushiwa kioo, watu wanalipa kiingilio na kupita chini ya tumbo lake. Limepona moto wa 2007 na kufunguliwa upya 2012, na linapendeza sana. Lakini halitaelea tena. Na iko njia ya pili. Ile boti iliyoigiza katika filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, filamu ambayo meli yake ya Kijerumani ilibuniwa kwa kuifuata hii yetu, ilikuwa boti ya kweli. Ilijengwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi Ziwa Albert. Leo iko Florida, Marekani, imekarabatiwa, inatembea na kubeba watalii. Boti ya kuigiza inatembea, na meli ya kweli imefungwa kamba gatini.

Wapo wanaosema Liemba imezeeka, iwe makumbusho, ijengwe meli mpya. Meli mpya ziwa linazihitaji, tena nyingi, na zijengwe. Lakini mimi nasema Liemba irudi majini na abiria. Hoja ya uzee ni ya kupimwa kwa vifaa, haipimwi kwa tarehe ya kuzaliwa. Mabamba ya chini hupimwa unene kwa mitambo ya mawimbi ya sauti, sehemu kwa sehemu. Lililoliwa na kutu hadi kuwa jembamba linakatwa na kubadilishwa, lililo zima linabaki. Injini mpya, vyombo vya kuongozea vipya, maboya na majaketi ya kutosha kila abiria, milango isiyopitisha maji, hivyo vyote ni lazima viwe vya leo, hapo sitaki mchezo. Tumewazika watu waliozama na MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, hatuna ruhusa ya kupenda historia kuliko maisha ya abiria. Ninachoomba ni kwamba kile kinachoweza kubaki kibaki. Palipo na ribiti nzima, zisikatwe kwa sababu tu kuchomelea ni rahisi. Na kila bamba linaloondolewa lipigwe picha, liandikwe lilikuwa wapi, sehemu yake ihifadhiwe. Papenburg walijua namba ya kila kipande mwaka 1913. Sisi hatuwezi kujua kidogo kuliko wao.

Uamuzi wa mambo haya haufanyiki Kigoma. Fedha za meli na bandari zinapitishwa hapa, bungeni, katika bajeti ya Wizara ya Uchukuzi, kila mwaka kabla ya Julai. Mji usio na ziwa ndio unaoamua kama ziwa litakuwa na meli. Na reli ya kisasa, iliyofika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, inaendelea kujengwa kuelekea magharibi, kufuata njia ile ile ya masanduku. Siku itakapofika Kigoma, abiria atakayeshuka stesheni aikute Liemba imewasha taa, si imelala.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa waheshimiwa wabunge, mkiwa bungeni muulize ukarabati umefika wapi, muulize kila kikao, na mtake taarifa ya maandishi yenye picha.

Na kwako wewe msikilizaji. Reli hii na meli hii zilijengwa na watu wenye majina. Kama babu yako au mjomba wako alikuwa reli, Dodoma, Manyoni, Itigi au Tabora, kama alikuwa kuli bandarini Kigoma, fundi wa karakana, mpishi au baharia wa Liemba, keti na wazee waliobaki, warekodi kwa simu yako, andika jina lake kamili, kijiji chake, kazi aliyofanya na miaka yake. Kama kuna kitambulisho chake cha kazi au picha ya zamani ndani ya sanduku, ipige picha kabla mchwa hawajaifikia. Kisha nakala ipeleke Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ili siku Liemba itakapoondoka tena Kigoma, majina ya watu wetu yawe yameandikwa kando ya jina la Anton Rüter. Fanyeni hivyo wiki hii, wazee bado wapo.